Karatasi kwenye mlango wa tribinali, mhami wa vita ataisoma wapi?

Huko Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara anayekimbia risasi hakimbii na kitabu cha madeni. Anabeba watoto, godoro, labda simu. Depo inabaki nyuma na kuporwa, lakini deni la mali aliyokopa kwa wauzaji wa jumla linabaki kwa jina lake. Hapo karatasi ya tribinali inaanza kumtafuta.

Kwa sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, mdai anaweza kumpeleka mbele ya tribinali ya biashara mtu aliyeshindwa kulipa madeni, ili mali yake iuzwe na wanaomdai wagawane. Hukumu hiyo ikitoka, mdaiwa hana tena mamlaka juu ya mali yake. Sindiki aliyewekwa na tribinali ndiye anaisimamia: parseli, gari, mzigo uliobaki, vyote. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kumuita si jambo dogo.

Huisie anapaswa kumpa mwenyewe mkononi, au kuiacha nyumbani kwake kwa ndugu, hata kwa jirani. Sasa nyumbani ni wapi? Kambi za Bulengo na Kanyaruchinya, pembeni ya Goma, zilibaki tupu Februari 2025. Kwa mtu asiyejulikana anakoishi, kanuni ya kesi za kiraia ya mwaka 1960 inasema nakala ibandikwe kwenye mlango mkubwa wa tribinali, muhtasari uchapwe katika Journal officiel, na kesi ingoje miezi 3. Miezi 3 inatosha. Lakini ni mama gani anayeuza maandazi kule Beni amewahi kushika Journal officiel?

Kabla huisie hajaandika kwamba mtu hajulikani aliko, apige simu yake. Amuulize shefu wa kartie na komite ya wahami. Jina lisomwe kwenye redio ya mtaa, kwa Kiswahili, bila kutaja kiasi cha deni, maana aibu haimlipi mdai. Na jaji akikuta hakuna hata moja lililofanyika, arudishe karatasi.

Wadai watasema kuna wajanja wanaojificha nyuma ya vita. Ni kweli, wapo. Lakini mdaiwa anayefika mwenyewe ndiye anaweza kuonyesha mali gani iliporwa, gani imebaki, na nani naye anamdai. Sindiki peke yake atavijua vipi?

Mhami naye asingoje kutafutwa. Apite kwenye grefi, au amtume avoka, aache namba ya simu na mahali anapolala. Na aliyeacha kulipa madeni yake, sheria hiyo hiyo inamtaka ajitangaze mwenyewe mbele ya tribinali ndani ya siku 30. Wengi wanaolala kwenye madarasa ya shule hawajawahi kuambiwa hilo.