Vitufe vya F Virudishiwe Kazi Yake
Mhasibu anabonyeza F2 ili arekebishe hesabu kwenye Excel. Badala ya kisanduku kufunguka, skrini inafifia. Anabonyeza tena, inazidi kufifia. Wengi wakifika hapo huibeba kompyuta mpakato hadi kwa fundi, na fundi asiye na haya hulipisha kazi ya sekunde mbili.

Mashine haijaharibika. Imepangwa hivyo tangu kiwandani: sauti na mwangaza vimetangulizwa, na F1 hadi F12 zinapatikana kwa kushikilia kwanza kitufe cha Fn.

Kwenye Lenovo na Dell nyingi, kubonyeza Fn pamoja na Esc hugeuza mpangilio papo hapo. Mara nyingi kitufe hicho cha Esc kimechorwa kufuli dogo, ambalo watu hulitazama miaka nenda miaka rudi bila kulijali. HP nyingi zina mzunguko zaidi: mtumiaji huzima mashine, huiwasha huku akigonga F10, huingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), kisha huzima kipengele kiitwacho Action Keys Mode. Kwenye Mac, swichi yake imo ndani ya mipangilio ya kibodi.

Vitufe hivi havikuanza hivyo: kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na vitufe 10 vya F upande wa kushoto, vyote vya kutumikia programu. Kweli, mtazamaji wa filamu naye anahitaji kitufe cha sauti. Lakini mashine inayouliza lugha na nchi siku ya kwanza kuwashwa inashindwaje kuuliza pia vitufe vya F vitangulize kazi ipi?