Nakala Iliyofika kwa Njia Isiyo Yake

Katika ofisi nyingi za leo, ziwe za hospitali, za vyama vya akiba na mikopo au za halmashauri, kazi iliyokuwa ya majalada na makabati sasa ni kazi ya seva, na kila aliyekabidhiwa seva hizo anajua kwamba ni wajibu wake kuweka nakala ya akiba ya kila kilichomo, ili siku diski ikiharibika au wezi wakiingia, amana za watu zisipotee. Mkaguzi akiuliza kama nakala zinachukuliwa hujibiwa ndiyo, na aghalabu jibu hilo ni la haki. Swali lisiloulizwa, nami naona lastahili kuulizwa kwa sauti kubwa, ni nakala hizo zilipita njia gani.

Seva ya kazi nzito huuzwa ikiwa na kadi za mtandao mbili au zaidi, na sababu ya kuzitumia ni ya maana. Nakala ni mzigo mkubwa. Waya wa gigabiti 1 kwa sekunde, hata ukiwa mtupu na ukienda kwa nguvu zake zote, hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, kwa hiyo terabaiti 1 ya kumbukumbu hutaka zaidi ya saa 2, na terabaiti 10 hutaka zaidi ya saa 22. Mzigo wa namna hiyo ukipitishwa katika waya uleule ambao daktari wa zamu anausubiri umletee picha ya eksirei, daktari atangoja, na mgonjwa atangoja pamoja naye. Ndiyo maana wajuzi wa kazi hii huigawa: kadi ya kwanza huwa ya watumiaji, na kadi ya pili, yenye swichi yake na anwani zake, huwa ya nakala peke yake, kama nyumba ya pwani iliyo na mlango wa mbele wa wageni na mlango wa uani wa kupitishia kuni na maji.

Ila wengi hudhani kwamba waya ukishachomekwa kazi imekwisha, ilhali seva haijui nia ya fundi wala thamani ya waya. Kila pakiti inapotaka kutoka, seva hufungua jedwali lake la njia na, kwa kaida yake, hutazama jambo moja tu, nalo ni anwani ya huko pakiti inakokwenda; haiulizi imebeba nini. Huchagua mstari unaoitaja anwani hiyo kwa umahususi zaidi, na usipopatikana mstari wowote, huipeleka kwenye lango kuu, ambalo kwa kawaida liko upande wa mbele.

Natutazame seva moja ya namna hiyo kwa karibu. Kadi yake ya mbele ina anwani 10.0.0.15 na kadi ya uani ina 192.168.50.15, ghala la nakala nalo lina anwani mbili, 10.0.0.20 upande wa mbele na 192.168.50.20 upande wa uani. Programu ya nakala imeandikiwa jina la ghala badala ya tarakimu, na jina hilo, katika daftari la majina la mtandao, limeelekezwa kwenye 10.0.0.20, kwa kuwa aliyeliandikisha alikuwa akiwafikiria watumiaji. Saa 6 usiku kazi inaanza. Seva inauliza jina, inapewa anwani ya mbele, inatazama jedwali, kisha inausukuma mzigo wote kwa njia ya mbele kwa utiifu kamili, na waya wa uani, uliolipiwa kwa fedha za umma, unakaa mtupu hadi alfajiri. Asubuhi taarifa inasema kazi imekamilika bila kosa, na kweli imekamilika.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mitambo mingi ikiharibika hupiga kelele, lakini hitilafu hii huvaa mavazi ya mafanikio, na hakuna amulikaye taa jambo lililofaulu. Dalili yake ni manung'uniko tu: wauguzi wa zamu ya usiku wanasema mfumo unalemewa kila ifikapo saa 8, ofisi inaagiza kasi ya intaneti iongezwe, fedha zinatoka, na tatizo linabaki palepale kwa sababu halikuwa la intaneti kamwe.

Na hata jina hilo likisahihishwa lielekeze uani, siku ghala likihamishiwa jengo jingine, kama busara inavyotaka ili moto mmoja usiteketeze vyote viwili, litapewa anwani za mtandao mwingine, tuseme 192.168.60.20, na seva yetu, ambayo mtandao huo haumo katika jedwali lake, itaupeleka mzigo kwenye lango kuu, yaani mbele tena. Fundi mwenye haraka huiandikia kadi ya uani nayo lango kuu lake, akidhani kwamba kadi mbili zastahili malango mawili. Lakini lango kuu ni kimbilio pale ambapo njia mahususi haipo. Yakiwa mawili, seva hupendelea moja kwa vipimo vyake, na ikipendelea la uani, majibu ya watumiaji wa mbali yataingizwa katika mtandao usioweza kuwafikia. Dawa yenyewe ni fupi: lango kuu libaki moja, na uongezwe mstari mmoja usemao kwamba mtandao wa 192.168.60.0 unafikiwa kupitia ruta ya upande wa uani, kwani mstari mahususi hushinda wa jumla.

Hata mstari huo wahitaji hadhari. Ukiandikwa kwa amri ya papo kwa papo, iwe katika Linux au katika Windows, hudumu mpaka seva itakapozimwa tu, isipokuwa umeandikwa pia mahali pa kudumu. Na kwetu, ambako umeme hukatika na jenereta huchelewa, seva kuwashwa upya si tukio la nadra. Mstari ukifutika nakala haisimami, bali hurudi mbele kimyakimya.

Waliotunga kaida za intaneti waliliona jambo hili zamani. Hati ya RFC 1122 ya Oktoba 1989, iliyohaririwa na Robert Braden, ilieleza mitindo miwili: mmoja unaoifunga kila anwani na kadi yake, na mwingine unaoihesabu anwani kuwa ya mashine nzima, wala haikulazimisha mmojawapo. Linux ilifuata ule uliolegea, na kwa hiyo ghala likibisha hodi kwa kadi ya uani huweza kujibiwa kwa kadi ya mbele, mpaka fundi aandike majedwali yanayotazama pia anwani ya mtumaji, jambo ambalo Linux imeliruhusu tangu toleo la 2.2 la mwaka 1999.

Fauka ya hayo, njia ya peke yake ina faida nyingine. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya iliikumba kampuni ya meli ya Maersk, ambayo seva zake za kutunza orodha ya watumiaji na idhini zao, zipatazo 150, zilikuwa zikinakiliana, kila moja ikiwa akiba ya mwenzake. Na kwa kuwa zilifikika kwa mtandao mmoja, zilifutwa pamoja. Ilisalimika moja tu, nchini Ghana, iliyokuwa imetoka mtandaoni kwa sababu ya kukatika umeme. Sisemi kwamba kadi ya pili peke yake ingaliwaokoa, maana seva yenye kadi mbili ikishikwa na adui huwa daraja lake. Nasema kwamba ghala lisiloitikia upande wa mbele ni gumu zaidi kufikiwa.

Kwa hiyo naomba wakuu wa ofisi wadai ushahidi wa njia pamoja na ushahidi wa kufika. Ushahidi huo hauna gharama. Kila kadi huhesabu baiti zilizopita ndani yake. Hesabu isomwe kabla ya kazi ya usiku na baada yake, na ikiwa zimenakiliwa gigabaiti 400 ilhali kadi ya uani imeongezeka megabaiti chache tu, hukumu imekwisha kutolewa. Kisha, mara moja kila robo mwaka, waya wa uani uchomolewe makusudi nakala ikiwa inaendelea. Kazi ikiendelea mpaka mwisho bila kulalamika, kuna njia ya mbele iliyoachwa wazi.

Wapo mafundi hodari wanaosema kwamba hivyo ndivyo inavyopasa kuwa, kwamba ni heri nakala ipite mbele kuliko isichukuliwe, na hoja yao ina uzito, hususa mahali ambapo usiku mmoja bila nakala ni usiku wa malipo ya maelfu ya watu. Hata hivyo napendelea kazi isimame na fundi apigiwe simu, na njia ya mbele ifungwe kwa mstari wa kuzuia ulioandikwa wazi. Ikibidi nakala ipite huko kwa usiku wa dharura, na ipite kwa idhini ya mtu aliyetia sahihi yake katika daftari la zamu, akijua ni wodi gani zitakazolemewa na kwa saa ngapi.