Utambi Ndani ya Maabara

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakiwezi kueleza jinsi kimiminika kinavyoongozwa katika vifereji vyembamba mno. Dai hilo halina mashiko. Mnamo 2007, George Whitesides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walitia vifereji kwenye karatasi. Kimiminika kikajipenyeza chenyewe bila pampu, kikizuiwa na kingo zisizopitisha maji. Ni nini hicho ila utambi? Aliyeona koroboi ikivuta mafuta ameielewa kanuni. Hata kipimo cha malaria cha zahanati hutumia utambi huo. Kadiri unavyorefuka ndivyo mwendo unavyopungua. "Kapilari" na ibaki, ila mwanafunzi aanzie kwenye utambi. Nao waundaji istilahi wazuru maabara kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza.