Nduthi ya Lami Haiwindi Kwa Matope

Juzi usiku nilijipata YouTube nikicheki Wamarekani wakibishana. Ubishi wenyewe: ukienda kuwinda kulungu kwenye kinamasi, ununue pikipiki gani ya magurudumu manne? Mmoja anataka injini kubwa, mwingine anasema cha maana ni tairi za meno. Nilicheka, halafu nikanyamaza, juu huo mjadala tuko nao Eastlands kila mvua ikianza.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama pori 1977, hiyo tunajua. Lakini simama kwa steji yoyote ya Mihang'o saa kumi na moja asubuhi, uulize wasee wanaenda wapi. Watakwambia wanaenda kuwinda. Mawindo ni abiria, na silaha ni nduthi.

Msimamo wangu ni huu, na mkitaka mnikasirikie: vijana wengi wa mtaa tunanunua nduthi ya lami na tunaishi kwa matope.

Tuanze na udongo. Kule Kangemi na Dagoretti udongo ni mwekundu. Huku kwetu, ukishuka Njiru, Ruai ama Utawala, ni ule mweusi. Wakati wa jua unapasuka nyufa za kumeza simu. Mvua ikinyesha unavimba na kunata, ndio maana watu wa mjengo huuchimba wakautoa kabla ya kuweka msingi. Na shida yake si kuteleza tu. Unapanda na tairi, unaingia chini ya madigadi, unajikaza hapo kama ukoko wa ugali, mpaka gurudumu la mbele linakataa kuzunguka. Injini inanguruma na wewe uko palepale.

Binamu yangu alijifunza hiyo kwa njia mbaya. Mwanzo wa 2024 alichukua nduthi mpya ya 150 kwa mkopo. Mamake ndiye alitoa pesa ya kuanzia, pesa yake ya chama. Nduthi ilikuwa safi bana: stika kama ya mbio, tairi za lami, madigadi ya mbele imebana tairi kabisa. Nilimpiga picha nikapost. Mimi pia nilisema amechagua poa, kwa hivyo hii lawama ni yangu pia.

Halafu Aprili ikafika na mafuriko yake. Siku ya kwanza ya matope alikwama na mama fulani na mtoto wa shule kabla hata hawajafika lami. Mama alishuka, akambeba mtoto mgongoni, akaenda na miguu. Hakulipa, na kusema ukweli angelipia nini? Binamu alibaki akichokora matope na kijiti. Siku nyingine hakutoka kabisa. Lakini mkopo ulikuwa wa kulipa kila siku, kunyeshe kusinyeshe. Deni likapanda, Juni nduthi ikachukuliwa. Pesa ya chama ikaenda hivyo, na kwa miezi kadhaa mama na mwanawe walikuwa wanasalimiana tu.

Wakati huohuo, mzee mmoja wa steji yao alifanya kazi mvua yote na Boxer ya 100 iliyochakaa. Nilimuuliza siri. Akaniambia, "Kijana, matope hayaogopi injini." Akanionyesha madigadi aliyoinua na tairi ya nyuma ya meno. Hiyo tu.

Kwa hivyo ukienda kununua, usianze na rangi wala namba ya injini. Piga magoti, uingize vidole kati ya tairi ya mbele na madigadi. Kama hakuna nafasi, uliza fundi kama inaweza kuinuliwa, na atatoza ngapi.

Angalia cheni. Ikiwa wazi, matope yanachanganyika na oili yanakuwa kama msasa, na utakuwa ukinunua cheni mpya kila wakati. Iliyofunikwa hukaa zaidi.

Angalia uzito. Ilaze chini, halafu uiinue peke yako. Ukishindwa pale dukani kwa simiti, utaweza saa mbili usiku, kunanyesha, na mzigo nyuma? Hapo ndipo 100 ama 125 hushinda 150 kwa matope. 150 ina maana kama unabeba mizigo mizito ama unapanda barabara kubwa kwenda tao kila siku. Na sheria inakuruhusu abiria mmoja, kwa hivyo usininunulie injini ya kubeba watatu.

Angalia spea pia. Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS ziko kila steji, na fundi yeyote wa Kayole anazifungua akiongea na simu. Hiyo ni faida kubwa kuliko stika. Za umeme, kama za Roam zinazounganishwa hapa Nairobi, ninazipenda: hakuna klachi ya kuchoma ukisukumana na matope, na nguvu inakuja mara moja. Lakini kabla ulipe, pima umbali kutoka kwako hadi mahali pa kuchaji ama kubadilisha betri. Kama hapo katikati ni matope, hilo ni swali la kwanza, si la mwisho.

Sitawadanganya, tairi za meno ziko na shida yake. Kwa lami iliyolowa hazishiki vizuri, na zinaisha haraka. Kama unalala Umoja na kazi yako yote ni Jogoo Road, chukua za lami, mimi na wewe hatuna ubishi. Hesabu tu kilomita zako za kweli, si zile za kwa picha.

Najua mtu ataniambia shida si nduthi, shida ni barabara. Ni kweli, na tuendelee kuidai hiyo lami kwa sauti. Lakini lami itakuja siku yake, na mkopo unaanza kesho. Kabla mamako atoe pesa ya chama, azima nduthi ya rafiki kama hiyo unayotaka, ngoja mvua inyeshe, uitoe kwa ploti yenu hadi lami na mtu mmoja nyuma. Ikifika, nunua.

Binamu siku hizi anafanya kazi kwa kibanda cha kuosha pikipiki. Anachokora matope chini ya madigadi za wengine, na mwenye nduthi akisimama hapo kungoja, anamwambia aiinue.