Mama akiuliza ‘filamu iko wapi?’ usimwonyeshe cheti

Mwaka jana shangazi yangu aliuza mbuzi wawili ili mwanawe ajiunge na warsha ya filamu mtandaoni. Nazungumzia Kabati yetu ya Kitui, jamani, si ile ya Murang’a mnayopita mkielekea Kenol. Binamu yangu alikuwa amemaliza Kidato cha Nne na kukaa nyumbani mwaka mzima akifanya vibarua. Kitu kimoja tu ndicho alichokipenda kwa moyo wote: kurekodi watu kwa simu, kuunganisha vipande na kutuchekesha sisi wote.

Aliyeuza warsha hiyo aliahidi kwamba mtu asiyejua lolote angetoka baada ya wiki sita akiwa mwelekezi wa filamu. Malipo yalikuwa Sh3,500, bila kuhesabu bando. Binamu alitazama video zote, akajibu maswali ya kuchagua A, B au C, na mwishowe akatumiwa cheti kwa barua pepe. Akaenda kukichapisha saiba kwa rangi, kikawekwa fremu na kutundikwa sebuleni, karibu na picha ya babu.

Shangazi alikitazama kile cheti kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: “Sasa mwanangu, na filamu iko wapi?”

Haikuwepo. Hata ya dakika moja.

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, na ndilo linalonifanya niandike leo. Vijana wenzangu wa Kitui, Makueni na kwingineko, naona matangazo ya warsha hizi yakijaa kwenye simu zetu kila uchao. Msimamo wangu ni huu: warsha ya filamu ambayo mwanafunzi anaimaliza bila filamu haijamfundisha filamu. Imemfundisha kutazama video, na hiyo kazi tulikuwa tunaijua tayari, tena bure.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba masomo ya mtandaoni ni utapeli. Kabla ya 2020, kijana wa huku aliyetaka kusomea kamera alijua ni lazima afunge virago aende Nairobi, pengine katika taasisi ya mawasiliano ya umma ya KIMC kule South B. Hapo hujahesabu nauli, kodi ya nyumba na chakula. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi wa sanaa walihamia Zoom, na mlango ambao tulikuwa tumefungiwa miaka yote ukafunguka kidogo. Mimi mwenyewe nimejifunza mengi kwa njia hiyo. Nilijua maana ya mswada, tofauti ya picha ya mbali na ya karibu, na kwa nini hufai kumrekodi mtu akiwa ameipa dirisha mgongo.

Lakini kwa graundi vitu ni tofauti. Siku moja mwalimu wa warsha ya bure niliyojiunga nayo alituambia tufungue programu ya kuhariri kwenye kompyuta, halafu tuweke video kwenye skrini ya pili. Skrini ya pili! Mimi nilikuwa nimeegemeza simu yangu kwenye mkebe wa rangi, nyufa mbili usoni, chaji asilimia 14, na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Mwalimu hakuwa na kosa. Hakujua tu kwamba mimi nipo, na warsha haikuwa na njia ya kumfahamisha.

Warsha ni nini hasa? Kenya yenyewe imewahi kutupa jibu zuri. Mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer na mkewe, Marie Steinmann, walianzisha mpango wa One Fine Day Films, ulioshirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Mpango huo uliwakutanisha wanafunzi na watu waliobobea katika uandishi, kamera, sauti na uhariri. Ulianza na Soul Boy ya Hawa Essuman mwaka wa 2010, iliyorekodiwa Kibera. Ikafuata Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga mwaka wa 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania Oscar katika kitengo cha lugha za kigeni. Baadaye zikaja Kati Kati ya Mbithi Masya mwaka wa 2016 na Supa Modo ya Likarion Wainaina mwaka wa 2018.

Ukiitazama Supa Modo utaelewa ninachosema. Ni hadithi ya msichana mgonjwa ambaye kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu, naye awe shujaa ndani yake. Watu wanaofanya kazi hiyo kijijini si wataalamu wa sinema. Kila mtu anashika anachoweza.

Mtasema, hayo ni mambo ya Nairobi na ya Wajerumani. Sawa, turudi nyumbani. Barabara ya lami inayotoka Kibwezi hupitia Mutomo, ikaingia mji wa Kitui, ikafika kwetu Kabati na kuendelea Migwani. Huko Mutomo yupo mkulima aitwaye Kisilu Musya. Julia Dahr, mwelekezi kutoka Norway, alimpa kamera, naye kwa miaka kadhaa akarekodi maisha yake mwenyewe: mke na watoto, ukame, dhoruba iliyoharibu nyumba yake, na mikutano yake ya kuwahimiza majirani wapande miti. Kazi hiyo ikawa filamu, Thank You for the Rain, iliyotoka mwaka wa 2017. Kabla ya hapo, mwaka wa 2015, Kisilu alikuwa amefika hadi Paris kwenye mkutano mkuu wa dunia kuhusu tabianchi.

Mkulima wa Ukambani. Barabara moja na sisi. Alirekodi kile ambacho mtu wa Nairobi au Ulaya hangeweza kukirekodi hata akiwa na kamera ya mamilioni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa pale mvua iliponyesha.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kamera peke yake ilitosha. Kisilu alikuwa na mtu wa kushirikiana naye, aliyezitazama picha zake na kuzijenga pamoja naye. Hicho ndicho kitu ambacho warsha nyingi za mtandaoni hazitupi. Wachongaji wa Wamunyu wanalijua jambo hili vizuri. Kijana anayejifunza kuchonga huketi kando ya fundi, anakata, anakosea, naye fundi anamwonyesha pale pale alipoharibu. Hakuna aliyewahi kuwa mchongaji kwa kutazama vinyago vya wengine. Filamu nayo ni kazi ya mikono.

Kwa hivyo, kabla hujatuma hata shilingi moja, uliza maswali matatu. Kwanza, nitatoka hapa na filamu gani? Ikiwa jibu ni cheti pekee, funga hilo tangazo. Pili, ni nani ataitazama kazi yangu na kuniambia nilipokosea, na mara ngapi? Tatu, je, simu niliyo nayo inatosha? Usione haya kuuliza hili la tatu. Filamu ya Tangerine ya Mmarekani Sean Baker, iliyotoka mwaka wa 2015, ilirekodiwa kwa iPhone 5s, simu ambayo leo watu wengi wangeiona ya kizamani. Naye pia aliongezea vifaa vidogo na programu maalumu, lakini simu ilibaki simu.

Ukishauliza, usiende peke yako. Hapa nitawaambia tulivyofanya sisi baada ya kuchoka kulalamika. Tuko watano. Tunakutana Jumamosi nyuma ya kinyozi cha rafiki yetu. Mmoja hupakua somo usiku bando likiwa nafuu, na huteremsha ubora wa video hadi 360p, maana saa moja ya video ya ubora wa juu inaweza kumeza zaidi ya gigabaiti moja. Tunatazama dakika ishirini tu, tunasimamisha, tunatoka nje kufanya kile tulichokiona. Tukirudi tunatazama tulichorekodi, na hapo ndipo tunakosoana bila huruma.

Filamu yetu ya kwanza ilikuwa ya dakika nne, kuhusu mzee anayeuza maji kwa punda wakati wa kiangazi. Siku ya kwanza yote iliharibika. Picha zilikuwa nzuri, lakini sauti ilikuwa upepo mtupu. Watu husamehe picha yenye giza kidogo. Sauti wasiyoisikia hawaisamehi. Tukajaribu kuweka simu ya pili kwenye mfuko wa shati la mzee, imevishwa soksi ili kuzuia upepo, halafu sauti hiyo tukaioanisha na picha wakati wa kuhariri. Ikakubali! Tukajifunza pia kwamba jua la Kitui la saa sita mchana linamfanya mtu awe na mashimo meusi badala ya macho, kwa hivyo tukawa tunarekodi asubuhi kabla ya saa tatu na jioni kuanzia saa kumi. Mzee alizungumza Kikamba, nasi tukaweka maandishi ya Kiswahili chini. Hakuna somo la mtandaoni lililotuambia tumwache aseme kwa lugha yake. Hilo tuliliamua wenyewe.

Tulipomaliza, tulimwalika mzee aitazame kwenye runinga ya kinyozi. Aliitazama mara tatu. Kisha akatulaumu kwamba hatukutaja jina la punda.

Hapo ndipo nilipojua kwamba tumetengeneza kitu. Mwenye hadithi ameiona, ameitambua, na ana malalamiko.

Kuna jambo jingine ambalo warsha zilizotengenezewa Marekani au Uingereza haziwezi kutufundisha, nalo ni sheria za hapa. Kenya ina sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, na Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) ndiyo inayotoa leseni za kurekodi filamu za kuonyeshwa umma au kuuzwa. Kijana akianza kupata kazi za kulipwa bila kujua hilo, anaweza kujiingiza kwenye matatizo asiyoyatarajia. Vilevile kuna heshima ya kawaida: omba ruhusa kabla ya kumrekodi mtu, na mtoto uombe ruhusa kwa mzazi wake. Mwalimu anayewafunza Wakenya na kuyaruka haya hajamaliza kazi yake.

Najua kuna watakaosema, “Wewe, cheti nacho kina kazi yake, mwajiri atakiuliza.” Pengine. Lakini mwenye harusi anayetafuta mtu wa video Kabati hajawahi kuniuliza cheti. Huniambia, “Hebu nionyeshe ulizofanya.” Hata mtayarishaji wa River Road atauliza hivyo hivyo. Katika kazi hii, ulichotengeneza ndicho cheti chako.

Kwa mnaoendesha warsha hizi, wengine wenu mna nia njema na mnafundisha bure. Naomba mtupunguzie video na mtuongezee kazi. Tupeni wiki moja ya kurekodi dakika moja, kisha mtazame hiyo dakika moja na mtuandikie hata mistari mitano ya makosa yetu. Mistari hiyo mitano itatusaidia kuliko saa mbili za kueleza lenzi ambazo hatutazishika karibuni.

Kwa serikali, ya kitaifa na ya kaunti, mpango wa Ajira Digital umekuwepo tangu 2016, na vituo vya kujifunzia vyenye intaneti vimefunguliwa katika maeneo mengi nchini. Kwa nini vituo vya aina hiyo visitenge Jumamosi moja kwa mwezi kwa makundi ya filamu? Hatuombi studio. Tunaomba chumba chenye stima, intaneti na kompyuta moja isiyokwama tukihariri. Na mkituletea mwalimu, aje mtu anayeishi kwa kazi hii, akae nasi siku nzima, atuone tukikosea.

Nanyi wazazi, msikate tamaa haraka. Mkiona kijana anarekodi jirani akikamua mbuzi, msiseme amepotea. Mwulizeni swali la shangazi yangu, kila mwezi, bila kumwonea haya.

Binamu yangu alikuwa amekwisha kuapa kwamba hatagusa tena mambo ya filamu. Tulimbembeleza aje Jumamosi moja, akaja akanuna pembeni. Tulipokwama kwenye kuoanisha sauti na picha, yeye ndiye aliyesogea na kuchukua simu. Leo ndiye mhariri wetu, na ile filamu ya mzee wa punda imetoka mikononi mwake.

Jioni aliyoipeleka nyumbani, shangazi aliitazama hadi mwisho akiwa amesimama, mwiko mkononi. Akasema mbuzi wake bado hawajarudi. Kisha akaomba aione tena.