Kabla ya "Punguza Mawazo"

Ukielemewa na mambo, iwe Handeni mjini au Korogwe, utaambiwa upunguze mawazo. Jirani atakuambia hivyo, shehe au mchungaji atakuambia hivyo, na si ajabu ukaambiwa hivyo hata na mtu aliyesomea ushauri nasaha. Makala hii inauliza maneno hayo yanamsaidia nani. Tunachosema sisi ni kwamba mawazo ya mteja yana sababu, na mshauri hana budi kuzikiri kwanza, hasa zile zilizo nje ya kichwa cha mteja.

Tuseme mteja ni mama wa Mkata. Hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, anawafokea watoto kisha anajuta. Mshauri anamfundisha kuvuta pumzi polepole na kumsihi alale saa nane. Saa nane ndiyo saa anayoamka, usiku, kuwahi foleni ya maji! Handeni ina kiu ya siku nyingi, na bomba kuu linaloleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe limezidiwa miaka mingi. Mumewe naye haamini kwamba safari zote hizo za usiku ni za maji. Mshauri asipouliza habari za ndoo, hapo atakuwa ametibu nini? Akiuliza, anaweza kumwambia jambo la kweli: "Mama, yeyote angechoka. Huu si udhaifu wako." Kisha wazungumze nani nyumbani apokezane naye zamu, na mume aitwe lini. Maji hayatatoka kwa kauli hiyo, lakini mama ataacha kujihesabu kuwa yeye ndiye mwenye kasoro.

Wako watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli mwanasaikolojia Carl Rogers wa Marekani aliandika miaka ya 1950 juu ya kumpokea mteja bila masharti. Lakini Wasambaa wa milima ya Usambara hawakumsubiri Rogers. Mwanahistoria Steven Feierman ameonyesha jinsi walivyoihusisha afya ya watu na hali ya nchi yenyewe, yaani mvua, njaa na mwenendo wa watawala, na jinsi ndugu walivyokaa pamoja kuamua mgonjwa atibiwe wapi. Tusiipambe mila hiyo kupita kiasi, maana uaguzi uliokuwa sehemu yake umewahi kumnyooshea kidole bibi kizee asiye na kosa. Kuitazama jamii si kutafuta mchawi.

Hata historia ya tiba ya akili wilayani Korogwe inaanzia kwenye jeraha la jamii. Lutindi, milimani Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hadi leo ni hospitali ya akili chini ya Kanisa la Kilutheri. Wagonjwa hufanya kazi za mikono kama sehemu ya tiba. Ni jambo jema, ila swali linabaki: mgonjwa akipona, anarudi kwa nani? Wapo wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge, ambao hawana shamba la ukoo hapa. Wapo wafugaji walioanza kuhamishiwa kijiji cha Msomera, Handeni, kutoka Ngorongoro Juni 2022, na wenyeji waliowapokea. Kila mmoja ana namna yake ya kukosa usingizi.

Ushauri nasaha wetu ulikua na UKIMWI. Shirika la WAMATA lilianza mwaka 1989, vituo vya ushauri na upimaji vya Angaza vikaja mwaka 2001, na kutoka huko tumerithi utunzaji wa siri na vita dhidi ya unyanyapaa. Tumerithi pia mazoea ya kutoa maelekezo: pima, tumia hiki, acha kile. Mshauri wa aina hiyo huzungumza zaidi ya mteja. Tunataka asikilize zaidi, amwelewe mteja. Lakini kumwelewa mteja si kumuunga mkono kwa kila alitendalo. Mume anayempiga mkewe kwa sababu kibarua kimeota nyasi ana sababu ya kuumia, hana ruhusa ya kupiga, na aambiwe yote mawili.

Liko jambo moja ambalo washauri hawatalimaliza wakiwa ofisini. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba. Hapa kwetu, kijana aliyeokolewa kamba ikiwa shingoni anapelekwa kwa mshauri akiwa anamwogopa polisi, na mshauri anatakiwa amshawishi aseme kweli. Vyama vya washauri vipeleke suala hili bungeni, na vipeleke kwa jina lao, si kwa kunong'ona kwenye semina.