Tahadhari ya kimbunga isitiwe chumvi

Vyombo vya habari viache kukuza tahadhari za hali mbaya ya hewa kuliko zilivyotolewa.

Aprili 2021, kimbunga Jobo kilififia kabla ya kuikumba pwani ya Tanzania. Aliyetishwa kwa maangamizi akaona mawingu tu, hupuuza onyo linalofuata. Na onyo hilo linaweza kutimia: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia, na mvua zikakata barabara ya Lindi eneo la Somanga.

Isitoshe, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutofautisha angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kichwa cha habari kinachofuta viwango hivyo humnyima mvuvi kipimo cha kuamua kama aingie baharini.

Wenye dhamana ya habari wahakikishe kila onyo linatangazwa likiwa na kiwango, eneo na muda wake, na picha za zamani zisirushwe kama za leo.